Eti Kitufe Kimoja Tu

Rafiki yangu kaniambia, kwa sauti ile ya hakimu anayefunga jalada, kwamba Final Fantasy XIII ni gemu ya kubonyeza kitufe kimoja mpaka usingizi ukuchukue. Nikamuuliza kaishia wapi. Mwisho wa sura ya pili. Gemu ina sura 13, bwana mkubwa kaishia ya pili, na hukumu tayari kaandika.

Lakini si yeye aliyenipandisha hasira. Ni mwenzetu mwingine, shabiki kama mimi, aliyedakia: "Vumilia tu, baada ya saa ishirini inachangamka." Saa ishirini! Yaani umpokonye mtu jioni zake za wiki mbili, halafu ndipo umwoneshe ulichomwitia. Huo si utetezi, ni kumwongezea mshitakiwa kosa la pili. Tangu gemu hii itoke Japani Desemba 2009, na kwingine Machi 2010, sisi tunaoipenda tumekuwa tukiitetea kwa sentensi hiyohiyo, kisha tunashangaa kwa nini hatusikilizwi.

Acha basi niseme ninavyoona mimi. Kitufe kimoja si uongo. Ni ukweli wa sura mbili za kwanza. Ndani ya sura hizo hakuna Crystarium, kwa hiyo ukishinda pambano hupati cha kumkuzia mhusika wako. Hakuna Paradigm, yaani ule mpangilio wa majukumu ya kikosi unaoubadili katikati ya pambano. Upo wewe, amri ya kushambulia inayojiendesha yenyewe, na adui anayeanguka hata ukimpiga umefumba macho. Rafiki yangu kacheza hicho alichopewa na kasema alichokiona. Kosa lake ni dogo: kaondoka mlango ukiwa unafunguliwa, maana mfumo wenyewe wa mapigano unaanza sura ya tatu.

Na mfumo huo, jamani, sijaona wa kuuzidi kwenye RPG, gemu za kuongoza wahusika ndani ya hadithi, za Kijapani za zama zake. Kila adui ana mita, na kila mwenzako kikosini ana jukumu lenye jina. Ravager akimrushia uchawi, mita inapanda upesi, lakini inashuka upesi vilevile. Commando anaipandisha kidogo sana, ila pigo lake linaizuia isishuke upesi. Ukiwatumia Ravager peke yao, unajaza ndoo iliyotoboka. Ukiwachanganya, mita inajaa, adui anayumba, na hapo ndipo unamlipa deni lote kwa mkupuo. Wakati huohuo yeye naye hajakaa anakusubiri. Anavuta pumzi ya shambulio kubwa, nawe una sekunde chache za kubadili kikosi kizima: huyu awe Sentinel akinge, yule awe Medic atibu, kisha urudi kwenye mashambulizi kabla mita haijakuponyoka. Saboteur anayemdhoofisha adui na Synergist anayewaimarisha wenzake sijawagusa, na bila hao kuna mabosi, maadui wakubwa, hutawaangusha mpaka kesho kutwa.

Ndiyo, mapigo yenyewe kompyuta inaweza kukuchagulia. Hiyo ndiyo maana yake! Huchagui kila ngumi kwa sababu hupewi muda wa kuchagua ngumi. Wewe ni kocha aliye pembeni ya uwanja, na mchezo hausimami ukusubiri ufikirie. Anayesema kocha hafanyi kazi kwa kuwa haugusi mpira, mimi naye tumemalizana.

Wala huwezi kusema utazunguka kuua vijidudu mpaka uwe na nguvu za kupita bila akili. Crystarium ina dari, na dari hiyo inapanda pale hadithi inaposonga. Kwa hiyo bosi anakukuta na nguvu ambazo watengenezaji walitaka uwe nazo, si zaidi. Odin, kiumbe wa kichawi unayepambana naye sura ya nne, ndiye shahidi wangu. Uko na wahusika wawili tu, Lightning na Hope, umehesabiwa muda wa kufa juu ya kichwa chako, na damu ya Odin hata huiondoi. Kazi ni kuujaza mstari wake kwenye skrini kabla hesabu haijaisha. Siku ya kwanza nilipigwa na Odin mpaka nikaweka pedi chini na kwenda kuoga. Nenda na kitufe chako kimoja pale.

Sasa Square Enix, watengenezaji wenyewe, na wao waliponzwa na nini? Kitu kizuri namna hii wakakigawa kwa kijiko cha dawa. Kuchagua mwenyewe watu watatu wa kuingia nao vitani, mpaka sura ya 10. Uwanda mpana wa Gran Pulse, mpaka sura ya 11. Na kiongozi wako akifa, pambano limekwisha hata kama wenzake wawili wamesimama wazima, mmoja wao akiwa Medic! Hilo sina neno la kulitetea, na wenyewe walilirekebisha kwenye mwendelezo wake, XIII-2, mwaka 2011.

Kuhusu ile kesi ya korido, kwamba unatembea njia nyembamba kwenda mbele tu: hawa ni watu wanaosakwa na serikali ya Cocoon nzima, dunia wanamoishi, wangezunguka mitaani kufanya nini? Final Fantasy X ya mwaka 2001 nayo ni njia moja karibu safari yote, na watu wanaiabudu. Haya, nakubali, kwa shingo upande: ile ina vijiji, mahekalu, watu wa kusimama nao ukapiga soga. Hii inakuachia fal'Cie, viumbe wenye nguvu za kimungu, na l'Cie, binadamu waliotiwa alama nao, uwatafute kwenye maandishi ya menyu kama mwanafunzi aliyekosa vipindi.

Wanaosema wahusika ni wabovu ndio siwezi kabisa kukaa nao. Sazh je? Mtu mzima, kifaranga cha chocobo, ndege wa gemu hizi, kimefanya kiota kwenye nywele zake, anatania njia nzima, kumbe moyoni amebeba habari za mwanawe Dajh. Sura ya nane, yeye na Vanille, msichana wanayesafiri naye, pale Nautilus, mji wa burudani, nilikuwa nimejitayarisha kwa mengi lakini si kwa lile. Hope analalamika sana, sawa. Kamwona mama yake akifa mbele yake, ulitaka aimbe?

Rafiki yangu nilimrudishia pedi, nikamwomba acheze sura mbili tu zaidi, sikumtajia saa ishirini. Jana usiku kanitumia ujumbe. Odin kamuua mara ya sita. Nimemjibu neno moja: mtibu Hope.