Taa za Japani kwenye barabara za mkono wa kulia: zirekebishwe au ziachwe?

Bujumbura, Goma na Lubumbashi zimejaa magari ya mtumba kutoka Japani, usukani kulia, ilhali sheria ya barabara huko inataka kila mtu ashike mkono wa kulia. Kuhusu usukani watu wameshabishana vya kutosha: dereva haoni mbele anapotaka kulipita lori, abiria wa basi dogo anashukia katikati ya barabara. Kuhusu taa za mbele nasikia machache mno, na hali taa hizo nazo zilitengenezwa kwa nchi inayoshika kushoto. Je, fundi azifungue na kuzirekebisha, au ziachwe zilivyotoka kiwandani?

Taa ya dimu, yaani ile ya mwanga wa chini, haimwagi mwanga sawa pande zote. Simamisha gari mbele ya ukuta usiku, utaona mstari: juu yake giza, chini yake mwanga. Kwa gari la Japani mstari huo umelala upande wa kulia, na ukifika katikati unapanda kuelekea kushoto kwa pembe ya nyuzi 15 hivi, au kwa kidaraja kimoja kama taa ni ya projekta, ile yenye lenzi nene mbele ya balbu. Kule Japani upande wa kushoto ndio ukingo wa barabara, na kipande kinachopanda kinamulika waenda kwa miguu na vibao. Lipeleke gari hilo Goma: mwanga ule unamwingia machoni dereva anayekuja, na ukingo wa kulia, anakopita msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, au mama mwenye mzigo kichwani, unamulikwa kwa umbali mfupi tu. Mmoja anapofushwa, mwingine haonekani mapema. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wanaosema jambo hili ni dogo.

Hata hivyo wanaotaka taa ziachwe wana hoja nzito. Nje ya mji hakuna taa za barabarani, na mwanga wowote una thamani. Ukiziba kile kipande kinachopanda unamwondolea adha dereva mwenzako, lakini humwongezei chochote anayetembea upande wa kulia. Yeye anabaki gizani vilevile. Halafu kuna gereji zenyewe. Taa imegandishwa kwa gundi inayolainika kwa moto, na asiyeizoea kazi hiyo huipasha kupita kiasi au huirudishia silikoni ya kubahatisha. Mvua za kwanza zikinyesha, mvuke unaingia ndani, kioo cha nyuma kinachoakisi mwanga kinafubaa, na gari linabaki na taa mbovu kuliko ilivyokuwa.

Kwa kuogopa hayo, wengi huchagua njia ya mkato: wanakaza skrubu ya taa mpaka mwanga uiname. Malalamiko ya wanaokuja mbele yanapungua kweli. Lakini hesabu yake inatisha. Chukua taa iliyo sentimeta 65 kutoka ardhini. Ikiinama sentimeta 10 kwa kila mita 10, mwanga unafika mita 65. Ukiinamisha mara mbili ya hapo, unaishia mita 32 hivi. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa kwenye lami kavu huhitaji zaidi ya mita 40 kusimama, ukihesabu na muda wa dereva kushtuka. Huyo dereva anaendesha kuingia mahali asipopaona. Kati ya njia zote zinazotumika, hii ndiyo ninayoipinga kwa nguvu.

Sasa turudi kwa fundi. Ndani ya taa ya projekta, kati ya balbu na lenzi, kuna kibati chembamba ambacho ukingo wake wa juu ndio unaochora ule mstari ukutani, ila kwa kupinduliwa. Baadhi ya magari ya Ulaya yana kijiti cha kukihamisha kibati hicho. Mengi ya Japani hayana. Fundi makini anaweza kuongeza kipande kidogo cha chuma pale palipokatwa chini, mstari ukawa umelala moja kwa moja pande zote mbili. Kuugeuza kabisa, uwe unapanda kuelekea kulia, ni kazi ngumu zaidi, na ikikosewa kidogo inazaa mng'ao mpya. Mimi ningeridhika na mstari uliolala. Taa isiyo ya projekta, yenye kioo cha kuakisi na balbu ya H4 (balbu moja ya dimu na ya mwanga mkali), haina kibati cha kuchezea namna hiyo. Hapo dawa ya kweli ni kununua taa nzima za usukani kushoto. Kwa Hilux, Land Cruiser au RAV4 zinapatikana, kwa kuwa magari hayo huuzwa nchi za Ghuba, ambako nako hushikwa mkono wa kulia. Mwenye Probox ana kazi ya kutafuta. Na asidanganywe kuweka balbu za LED kwenye taa iliyotengenezewa balbu ya kawaida ya halojeni: chanzo cha mwanga kinahama kidogo tu, na mstari wote unavurugika.

Rwanda ilichagua kuzuia uingizaji wa magari ya usukani kulia mwaka 2005. Hilo linamaliza tatizo kwenye mzizi, lakini kwa Burundi na mashariki ya Kongo, ambako gari la Japani ndilo ambalo mtu wa kawaida analimudu, naona ni heri ukaguzi wa taa mbele ya ukuta kuliko marufuku.

Lipo kundi ambalo nisingelishauri lifungue taa kabisa, nalo ni madereva wa malori wanaobadili upande mpakani Kobero, Rusumo au Kasumbalesa na kurudi tena baada ya siku chache. Kwao inafaa stika ya kubandua, kama zile Waingereza wanazobandika wanapovuka kwenda Ufaransa. Kwa taa ya kuakisi, pitisha kipande cha karatasi mbele ya kioo cha nje huku mwenzako akiutazama ukuta. Pale ambapo mwanga unaopanda unatoweka, ndipo pa kubandika. Kwa projekta ujanja huu hausaidii sana, maana mwanga wote unapita kwenye lenzi moja. Na kama kioo cha taa ni cha plastiki, tepu nyeusi ya umeme isitumike, kwa sababu inanyonya joto la balbu na kuacha kovu lisilofutika.