Bwana, Wakimbizwa na Nani?

Jamani, Lamu mtu mzima akikimbia kuna mambo mawili tu: ama kaiba, ama kuna msiba. La tatu wazee wa baraza hawalitambui. Na mimi, kwa bahati mbaya, ndiye niliyejaribu kulileta hilo la tatu mjini.

Napita Usita wa Mui, njia kuu ya mji, raba miguuni, fulana imeniganda kifuani, bukta yangu ndefu ya kufunika magoti kwa heshima ya mji. Sijamaliza kona ya kwanza nasikia barazani: "Bwana, wakimbizwa na nani?" Nikijibu kwamba sikimbizwi na mtu, hapo ndipo maneno yanapoanza. "Basi wawahi wapi?" Siwahi popote. "Huwahi popote nawe wakimbia?" Mzee anashusha kikombe cha kahawa, anamtazama mwenzake, na mwenzake anatoa ile "mwenda pole hajikwai" aliyoitunza tangu ujana wake ikingoja mtu wa kumtupia. Kabla sijafika sokoni habari ishatangulia hadi Langoni kwa mama mkwe, kwamba mkwewe aonekana hayuko sawa.

Halafu salamu. Kuna miji mkimbiaji hupunga mkono akaendelea na safari yake. Hapa mkono hautoshi. Utasimama, utaulizwa hujambo, watoto hawajambo, mzee kaamkaje, na yule mwenzenu aliyevunjika mguu ashainuka? Mapigo ya moyo yaliyokuwa yameanza kupanda yanarudi yalikotoka. Nikifika Mkunguni, uwanjani mbele ya ngome, nimepumzika kuliko nilivyoamka kitandani. Ngome ile pale ilichukua miaka mingi, ikamalizika 1821, na mimi sasa najua kwa nini: fundi akiinua jiwe moja, wapita njia kumi wanamuuliza habari za nyumbani.

Haya yote kayaanzisha daktari. Kanipima presha, akaipima tena kwa kutoamini, akazungusha tepu kiunoni mwangu, tepu ikalalamika. Kazi yangu ni ya kukaa. Kazini nakaa, barazani nakaa, kwenye hitima nakaa na sinia liko mbele yangu. Akaniambia Shirika la Afya Duniani lataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yale ya kukutwetesha kidogo lakini bado waweza kuzungumza. "Nusu saa tu, mzee, kwa siku 5." Mzee! Na hiyo "tu" kaitamka kirahisi, kijana wa watu, shati limepigwa pasi. Nilitamani kumuuliza: baba, wewe una watoto wangapi?

Maana nusu saa si kitu cha kukosekana, mpaka uitafute nyumbani kwangu.

Alfajiri natoka msikitini, bado kuna kiza, nyumba imetulia. Najiambia, huu ndio wakati. Nainama kufunga kamba za raba. Wallahi sijui raba zile zina kengele gani, kwa sababu nikizigusa tu mke wangu yuko juu ya ngazi. "Baba, maadam washuka, pitia mkate." Sawa. "Maadam wapita huko, mfikishe mtoto chuoni kwa mwalimu wa Kurani, asije akapotelea njiani kucheza." Haya. "Na maadam wafika Langoni, mpelekee mama hili bakuli, ni samaki wa kupaka wa jana, usilimwage."

Sasa niambieni, mtu akimbie vipi ameshika bakuli la samaki wa kupaka mkono mmoja, na mkono wa pili kashika mtoto anayetaka kurudi kulala? Oktoba 2019 kule Vienna, Kipchoge alimaliza kilomita 42 na ushei kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, na mbele yake walipangwa wakimbiaji hodari wamkingie upepo. Nami mbele yangu napangiwa. Ni punda watatu wenye magunia ya saruji, katika kichochoro ambacho nikinyoosha mikono nagusa kuta za nyumba mbili. Punda hapishi mtu. Ukimfuata nyuma una hatari ya teke, ukimpita ubavuni una hatari ya gunia, na rekodi yoyote utakayoiweka hapo ni ya subira. Na punda hao, nikumbushe tu, wana zahanati yao pale ufukweni, wanatibiwa bure. Wakichoka kuna anayewaonea huruma.

Kwa mama mkwe ndiko mazoezi yanakozikwa rasmi. Bakuli halirudi tupu, hilo mnalijua, wala mkwe hasimami mlangoni akasema "nina haraka, nachoma mafuta". Utaketi. Mahamri yako moto, mbaazi za nazi zinakungoja, na yeye mwenyewe kakaa mkabala akihesabu matonge. Nikila mawili aniuliza nimeugua nini. Nikila manne atabasamu, na bakuli linajazwa kaimati za watoto. Nikirudi nyumbani nimetembea kweli, lakini hesabu ya siku iko upande wa nazi.

Nikasema basi, mjini hapafai, niende ufukweni, Shela, kama kilomita tatu, hakuna baraza wala mkwe. Mtu wa bara akisikia ataona wivu: mchanga, bahari, jahazi zinapita. Aje afanye ratiba hapa, kwa maana saa za bahari si saa za ukutani. Kila siku maji yanachelewa kwa kama dakika 50. Wiki moja saa 12 asubuhi bahari imetoka, mchanga umebanana, mguu unaupenda. Unajisifu, unawaambia watu kazini kwamba umejipata. Wiki inayofuata, saa ileile, maji yamejaa hadi ukutani, na mchanga uliobaki juu ni ule mkavu unaomeza mguu hadi kifundoni. Ukivuta hatua moja, nusu yake inarudi nyuma. Sasa umwambie nani kazini kwamba leo utachelewa kwa sababu ya mwezi?

Msimu wa kusi ndio usiseme. Kwenda Shela upepo wakupiga usoni, mchanga wakuingia meno. Unarudi upepo uko mgongoni, unajihisi Mkenya kamili, Kalenjin wa Amu, kisha unaangalia saa: mtoto yuko chuoni angali akingoja kuchukuliwa, mkate haujanunuliwa, na ofisi inafunguliwa. Unapanda boti. Watalii wanakutazama umelowa jasho na raba zako za mbio, umekaa kwenye boti ya kubebwa, wala hawaulizi, wanapiga picha tu.

Jimu ya nyumbani nayo nimeijaribu. Kuna kijana mmoja kwenye simu, mwili umechongwa, chumba chake cheupe hakina hata mkeka, anapiga kelele: "Hakuna visingizio!" Nikamtazama vizuri. Hakuna mtoto anayelia nyuma yake. Hakuna nguo za shule za kukunjwa. Hakuna anayemuuliza wapi ulipoweka rimoti. Ni kweli, chumbani mwake hakuna visingizio, kwa sababu hakuna watu. Mimi nikilala kifudifudi kupiga pushapu, kitinda mimba keshapanda mgongoni, amenishika masikio, anasema "twende". Aliyemtangulia anadai zamu. Wa kwanza, ambaye ana akili za biashara, anapanga foleni.

Na hiyo simu ndiyo msaliti wangu mkubwa. Nimewekewa programu ya kuhesabu hatua, lengo elfu kumi kwa siku. Nikafikiri elfu kumi ni amri ya madaktari, kumbe ni biashara: mwaka 1965 huko Japani waliuza kifaa cha kuvaa kiunoni cha kuhesabu hatua, wakakipa jina la hatua elfu kumi kwa kuwa namba ile ilivutia wateja, na dunia nzima ikaifuata. Haya, tuifuate. Taabu ni kwamba simu haikai mfukoni mwangu. Iko na watoto, inaonyesha katuni. Nikienda sokoni nikarudi, nikapanda ngazi hadi darini kutazama tangi la maji, nikashuka, nikapanda tena kwa kuwa sikulifunga, hatua zote hizo hazina shahidi. Kisha siku nimelala na homa, sijanyanyua mguu ila kwenda chooni, watoto wakachukua simu wakaenda kuchezea mpira nayo Mkomani. Magharibi nikaonyeshwa nyota, na maandishi ya dhahabu: hongera, hii ndiyo siku yako bora kabisa.

Mke wangu akacheka hadi akakaa chini. Na yeye hukaa chini kwa nadra. Huyo tangu nimuoe sijamsikia akitaja neno mazoezi, na kiuno chake kiko vilevile. Nyumba yetu ni ya kizamani, ngazi zake zimesimama kama ukuta, jiko liko juu, mlango uko chini, na kila anayebisha anamtaka yeye. Siku moja nikajaribu kumweleza faida za kupanda ngazi. Alinitazama ameshika ndoo. Sikumaliza.

Tena yeye na majirani wana matembezi yao baada ya alfajiri, wamevaa mabuibui, wanatoka mjini hadi kule mbele na kurudi. Hawakosi. Kiangazi, kusi, bamvua, wako njiani. Mimi na ratiba zangu na kengele za simu na kijana wa visingizio naanguka kila wiki, wao hawana chochote isipokuwa habari ya jana ambayo haijaisha, na lazima mtu aje kesho kusikia mwisho wake. Nikaomba nijiunge. Wakaniambia kwa adabu sana kwamba mwendo wao ni wa taratibu, nitachoka kungoja. Si kweli. Wanazungumza juu yetu.

Ramadhani sitaisema kwa urefu. Mchana mtu ana kiu, usiku ana tambi za sukari, viazi vya nazi, mkate wa sinia, na kila nyumba imeleta sahani ionjwe. Kusimama taraweh ndio mazoezi yangu, na hata hapo natafuta nguzo ya karibu.

Basi nikarudi kwa daktari kulalamika. Nikamwambia, kijana, nusu saa iliyo nzima haipo Lamu, labda ije na boti kutoka Mokowe, kule bara. Mimi napata dakika nne hapa, sita pale, tatu nikimfukuza mtoto. Akatabasamu, akasema, hizo zatosha! Zamani mwongozo ulitaka mtu afululize angalau dakika 10 ndipo ihesabiwe, lakini ule wa 2020 umeliondoa sharti hilo. Kila mwendo una hesabu yake. Ngazi, soko, kubeba, kukimbizana na watoto, vyote vimo. Ongeza tu kukaza misuli, mara mbili kwa wiki au zaidi.

Nilitoka pale nimenyooka mgongo. Miaka yote nimekuwa mwanariadha bila kujua! Nikaingia nyumbani nikaitangaza habari hiyo sebuleni, mbele ya mke na watoto, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

Ndugu zangu, kuna habari za kumwambia mke na kuna za kufa nazo.

"Kila mwendo wahesabiwa?" akauliza polepole. Nikasema naam, Shirika la Afya Duniani limeamua. "Hata wa dakika mbili?" Hata wa moja! Akanyamaza kidogo, kama karani anayefungua faili jipya. Tangu hapo sijakaa. Zamani nilitumwa mara moja nikaleta vitu vyote kwa kikapu kimoja. Siku hizi natumwa nazi, nikirudi natumwa ndimu, nikirudi natumwa bizari, vyote duka lilelile. "Kwa faida yako, baba Shirika." Hata jina ninalo. Watoto nao wamejifunza: rimoti iko umbali wa mkono wao, wananiita kutoka darini nije kuwapa, nikigomba wanasema "dakika, baba, dakika". Muuza duka ameniuliza kama nyumbani kuna ugomvi.

Jana baada ya isha nimejinyoosha, miguu ina moto, najisemea leo nimefika, hakuna wa kunidai. Mke wangu akaja akakaa ukingoni mwa kitanda, sauti ya asali.

"Daktari alitaja na misuli pia, au sivyo? Mara mbili kwa wiki?"

Nikasema ndiyo kabla akili haijafika.

"Gesi imekwisha."

Mtungi wa kilo 13, nao hizo 13 ni za gesi peke yake, chuma hakijatajwa. Na jiko liko juu. Nikamwambia tulia, kesho nitamwita mwenye punda aubebe hadi mlangoni.

"Punda wa nini? Kwani punda ndiye mwenye presha?" Akavuta shuka, akanigeuzia mgongo. "Na mama naye wake umekwisha tangu juzi. Alikuwa akikungoja upite ukikimbia."