Fensi ya mbwa isiyoonekana: nimeijaribu, na bado roho inasita

Niko Minnesota, Marekani, mtaa wetu jumuiya ya wenye nyumba haitaki mtu ajenge uzio mbele ya nyumba, na mimi nina mbwa ambaye akiona sungura anasahau hata jina lake. Ikabidi ninunue fensi ya waya wa kufukia. Waya mwembamba unazunguka uwanja wote, ncha zote mbili zinarudi kwenye kiboksi gereji, kile kinarusha mawimbi ya redio na kola ya mbwa inayadaka, akikaribia inalia tii tii, akiendelea anapigwa shoti. Wengi wanadhani umeme uko kwenye waya, hapana, shoti inatoka kwenye betri ya kola yenyewe.

Sasa kujaribu. Kola unaishika mkononi, sio unamvalisha mbwa wa watu halafu unasubiri alie, na unaishika chini usawa wa shingo yake kwa sababu ukiinyanyua juu inadaka tofauti. Nikafunga kile kitaa cha kupimia kwenye vile vichuma viwili vya kola vinavyogusa shingo nikaenda mdogo mdogo, ikalia, kitaa kikawaka, safi. Nilipopita kwenye waya mbili zilizosokotwa kutoka gereji kimya kabisa, na ndivyo inavyotakiwa maana zikisokotwa mawimbi yanafutana. Nikajiona fundi. Naingia sebuleni na kola mkononi, karibu na ukuta wenye kebo ya tivii, tii tii tii! Mawimbi yamerukia kwenye kebo, na hapo ndo mbwa analala kila siku. Yaani ningemvalisha bila kupima angepigwa shoti usingizini na asingejua kosa lake ni nini.

Halafu nikajigusisha kola mwenyewe mkononi, shoti ya namba ya chini. Nilitoa neno ambalo mama asingelipenda.

Wanaoitetea wana pointi, mi siwabishii. Mbwa akitoka barabarani anagongwa, basi. Na sisi tusijifanye watakatifu, nyumbani tulimfunga mbwa mnyororo asubuhi mpaka usiku tukamwita mlinzi, huyu wa waya angalau anakimbia uwanja mzima.

Ila Wales walizipiga marufuku kola za shoti tangu 2010, na fensi za aina hii zimo humo humo, na ukifikiria unaelewa. Kwanza inamzuia wako tu, mbwa wa jirani au koyote, yule mnyama wa porini wa huku anayefanana na mbweha, anaingia kama kwake. Pili ndo inayonikosesha amani: akipandwa na mzuka wa kukimbiza kitu anavumilia shoti sekunde moja anatoka, mzuka ukiisha anataka kurudi, shoti iko kati yake na nyumbani, anabaki nje. Na kama kila akishtuka kuna mtoto anapita na baiskeli, atadhani anayemuumiza ni mtoto, hapo umejitengenezea kesi nyingine.

Kwa upande wangu kebo nimeihamisha na waya nimeusogeza, sebuleni kimya. Kola nimeiacha kwenye mlio tu, vibendera vya kumwonyesha mpaka viko pembeni, na kila jioni namzungusha. Jana sungura alikatiza, mbwa akachomoka mpaka kwenye vibendera, ikalia, akasimama akanigeukia. Ningefurahi, sema kamba ilikuwa mkononi mwangu, kwa hiyo ile siihesabu.