Kasuku si kuku: mpime kabla ya kumnunulia dawa

Kasuku akianza kujikunyata, wengi wetu hapa Arusha na Moshi hukimbilia duka la dawa za mifugo na kurudi na pakiti ya unga wa kuchanganya kwenye maji, ule ule wa kuku. Maji yakishabadilika rangi mwenye ndege anatulia, anaamini tiba imeanza. Kumbe siku mbili tatu zilizokuwa za kumwokoa ndizo zinapotea hapo.

Unga ule hukadiriwa kwa kundi la kuku wanaokunywa sana. Kasuku mgonjwa hanywi sana, na akionja uchungu huacha kabisa, kwa hiyo huwezi kujua amepata dawa kiasi gani. Oksitetrasaiklini, antibiotiki inayowekwa kwenye unga wa namna hiyo, nayo huharibika ikikaa kwenye mwanga. Hatari zaidi ni sindano ya penstrep, inayodungwa ng'ombe na mbuzi kila siku: ndani yake mna prokeini, na prokeini inaweza kumuua ndege mdogo palepale. Muuza duka akikushauri hiyo, mkatalie.

Kitu cha kwanza cha kununua ni mzani wa jikoni unaosoma gramu moja moja, tena ununue kasuku akiwa mzima. Kasuku wa kijivu aliyekomaa huwa kati ya gramu 400 na 550 hivi. Mpime asubuhi kabla hajala, akishatoa kile kinyesi kikubwa cha kwanza, na uandike. Gramu chache kupanda au kushuka si neno. Lakini wa gramu 450 akifika 405 amepoteza asilimia 10, na huyo ni wa kupelekwa kwa daktari siku hiyo hiyo. Macho hayatakuonyesha, maana manyoya yaliyotutumka humfanya aonekane amenona. Pitisha kidole kwenye mfupa wa kidari: ukiukuta umechongoka kama kisu, nyama imeshaliwa na ugonjwa. Porini ndege anayeonyesha udhaifu ndiye mwewe anamchukua, hivyo kasuku huficha mpaka nguvu zimwishie. Akishakaa sakafuni mwa tundu huku mkia ukipanda na kushuka kila anapopumua, jua ameugua siku nyingi.

Tandika karatasi nyeupe chini ya tundu, si maranda. Kinyesi kizuri kina sehemu tatu: kamba ya kijani au kahawia, uji mweupe kama chokaa, na maji yasiyo na rangi. Ile sehemu nyeupe ndiyo ya kuitazama sana. Ikigeuka manjano au kijani, ini lina shida, na daktari atafikiria homa ya kasuku, inayoletwa na bakteria Chlamydia psittaci. Usichanganye na maji mengi tu baada ya kula papai au tikiti. Hayo hupita yenyewe.

Usiku wa kwanza mpe joto. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya Arusha peke yake inatosha kummaliza ndege asiyekula. Taa ya vifaranga inafaa: ifunge nje ya tundu, upande mmoja tu, ili akiona joto limezidi asogee. Lenga nyuzi 29 hadi 32 pale anapokaa, na kipimajoto kiwe hapo hapo kwenye kijiti chake. Jiko la mkaa kamwe, moshi wake unaua ndege upesi kuliko mtu. Usimlazimishe uji akiwa amepoa, kwa sababu mwili wa baridi hausagi chakula, nacho huchacha kwenye mfuko wa shingoni.

Kwa daktari wa mifugo nenda na karatasi yenye kinyesi cha leo na daftari la uzito. Muulize kama amewahi kutibu ndege wa kufugwa ndani. Sampuli zinaweza kupelekwa kituo cha TVLA, Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, kilichopo Arusha. Damu ya kuchukuliwa isizidi asilimia 1 ya uzito, yaani mililita 4 kwa ndege wa gramu 400. Kasuku wa kijivu yumo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea pori, tangu Januari 2017, basi nyaraka zake ziwe sawa kabla hajaugua.

Kumnywesha dawa ndiko wengi huharibu. Daktari akisema mililita 0.3, tumia sirinji ya mililita 1 isiyo na sindano. Kijiko cha chai hubeba 5, zaidi ya mara 16. Mfunge kwa taulo akiwa wima, ushike taya kwa nyuma kwa kidole gumba na cha shahada. Kidari usikibane hata kidogo: ndege hana kiwambo cha kupumulia kama chetu, mfupa ule usipoinuka anakosa hewa mikononi mwako. Ingiza sirinji kutoka upande wake wa kushoto ikielekea kulia kwa koo, tone kwa tone, ukisubiri ameze. Tundu la hewa liko shinani mwa ulimi. Akikohoa au dawa ikimtoka puani, mwachie mara moja.

Doksisaiklini, antibiotiki ya homa ya kasuku, hutolewa siku 45. Siku ya kumi huwa ameshaanza kupiga kelele na watu huacha, jambo linalonisikitisha sana, kwa sababu bakteria bado wamo. Katika siku hizo ondoa mfupa wa ngisi na maganda ya mayai, maana kalisi hushikana na dawa isiingie mwilini. Kinyesi kilowanishe kabla ya kufagia, ukiwa na barakoa. Ugonjwa huu humpata binadamu pia: ukipata homa na kikohozi kikavu, mwambie daktari wako kwamba nyumbani kuna ndege.

Chakula cha kumwinua ni karoti, boga, sukuma wiki na hata pilipili, ambayo haimwashi. Karanga zenye ukungu tupa, sumukuvu huvunja ini lile lile unalolitibu. Na parachichi, hata liwe limejaa uani kwako Moshi, lisikaribie tundu lake. Lina sumu inayomsimamisha moyo.