Nim, kontena na antivairasi ya ofisini

Mama mmoja anayefanya kazi katika ofisi ya kliaringi, upande wa bandari ya Kilindini, Mombasa, aliniomba nimsaidie jambo dogo. Kutwa kazi yake ni kunakili nambari za kontena kutoka kwenye karatasi kuingiza kwenye kompyuta. Akikosea tarakimu moja, nyaraka zinarudishwa, mteja anapiga simu kwa hasira, na siku imeharibika.

Nambari ya kontena ina siri yake. Ni herufi nne, tarakimu sita, halafu tarakimu moja ya mwisho ambayo haikutiwa pale kwa pambo. Kila herufi ina thamani yake. Unazidisha nafasi ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, unaendelea hivyo hadi 512, unajumlisha, unagawanya kwa 11. Kinachobaki ndicho tarakimu ya mwisho. Kikibaki 10, huandikwa 0. Mkono ukiteleza, karibu kila mara hesabu inakataa.

Nikaandika kiprogramu cha kufanya hesabu hiyo kwa Nim. Kwa asiyeijua, ni lugha ya kuandikia programu iliyoanzishwa na Mjerumani, Andreas Rumpf. Zamani ikiitwa Nimrod, jina likafupishwa 2014, na toleo la 1.0 likatoka 2019. Ukiisoma utadhani ni ile lugha ya Python, lakini kazi yako inageuzwa kwanza kuwa lugha nyingine, C, kisha kompaila ya C, yaani programu ya kuigeuza ielewe kompyuta, inakupa faili moja nyepesi, ya mbio, isiyohitaji kusakinishiwa kitu kingine. Nilikuwa nyumbani Tudor na laptopu yangu ya Linux. Nikaongeza -d:mingw kwenye amri, na faili ya Windows ikatoka. Nililala nikijiona fundi.

Asubuhi nikachomeka flashi kwenye mashine ya ofisi, nikanakili, nikabonyeza mara mbili. Faili ikatoweka. Ingekataa tu kufunguka ningeelewa, lakini hii ilitoweka, na pembeni ya skrini kikachomoza kidirisha chekundu kutangaza kwamba virusi vimekamatwa.

"Mwanangu," akasema mama, taratibu kabisa, "wanitilia maradhi kwenye kompyuta ya watu?"

"Si virusi, mama. Ni Nim."

"Ndimu?"

Sababu yenyewe ni ya kusikitisha. Waandishi wa virusi nao waliipenda Nim, kwa kuwa antivairasi nyingi hazikuwa zimeizoea. Antivairasi zilipozinduka, zikaanza kushuku chochote chenye alama zake. Kwa hiyo mwizi na mwenye kiprogramu cha kontena wanasimamishwa kwenye kizuizi kimoja.

Hapo ndipo nilipoona jinsi sisi wapenzi wa lugha hizi ndogo tunavyopoteza nguvu zetu. Tunaweza kubishana usiku kucha kwamba katika Nim nambaKontena na namba_kontena ni jina moja, na kama hilo ni jema au balaa. Mimi nalipenda, lakini sijaona mtu aliyeikimbia Nim kwa ajili hiyo, wala aliyeifuata. Ninaowajua waliishia mlangoni. Kijana anapakua Nim kwenye Windows, kisha anaambiwa bado anahitaji kompaila ya C. Kipo kiprogramu cha kumshushia, sawa, lakini kamwambie hivyo mtu anayetumia bando la siku. Kwenye simu ya Android unaweza kuisakinisha ndani ya Termux, programu ya kuandikia amri kwenye simu, na vijana wengi niwajuao simu ndiyo kompyuta yao, ila maelezo yamekaa kana kwamba kila msomaji ana meza, kiti na laptopu.

Mombasa tulipaswa kulijua hili mapema. Mwaka 1928 mkutano ulifanyika papa hapa mjini kuamua lahaja ipi iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita chetu kilikuwa na malenga Muyaka, kilikuwa na wamishenari waliokiandikia vitabu, na kilikuwa nyumbani. Kikachaguliwa Kiunguja. Mzee yeyote wa Mji wa Kale atakuapia kwamba Kimvita ndicho kitamu zaidi, na mimi sitambishia. Lakini Kiunguja kilikuwa kimeshapanda bara na misafara, kimefika Tabora na Ujiji, kimevuka hadi Kongo. Wakubwa walipokaa kuchagua, kilikuwa kimeshatangulia njiani.

Lua, lugha nyingine ndogo ya programu, ilipita njia kama hiyo. Ilizaliwa 1993 katika chuo kikuu kimoja cha Rio de Janeiro, ikaandikwa kwa C safi, ndogo kiasi kwamba inaingia popote penye kompaila ya C. Haikumwomba mtu aache lugha yake. Iliingia ndani ya programu za wengine. Mchezo wa World of Warcraft umeibeba, na moduli za Wikipedia zimeandikwa kwayo. Wengi wameitumia bila kujua jina lake.

Kwa hiyo mwenye jioni ya bure na mapenzi na Nim, ombi langu halina utamu wowote: peleka faili zilizosingiziwa kwa watengenezaji wa antivairasi, maana wengi wao wana mahali pa kuzipokea. Wenye uwezo wachange pesa za cheti cha kutilia saini faili, ili ijulikane imetoka kwa nani. Andika mwongozo wa Termux kwa Kiswahili, uanze na idadi ya megabaiti. Hakuna atakayekupigia makofi.

Na kiprogramu changu? Nim inaweza pia kutoa JavaScript, lugha ambayo vivinjari vinaielewa. Hesabu sikuigusa, nilibadilisha tu mahali pa kuandikia nambari, nikaendesha nim js na kuitia yote ndani ya ukurasa mmoja wa wavuti. Kivinjari cha ofisi kikaufungua bila neno. Simu ya mama nayo ikaufungua, na kabla sijamaliza chai yangu alikuwa ameshawatumia wenzake kwa WhatsApp.

Juzi ameniandikia: "Mwanangu, ile ndimu yako yaweza kuangalia na nambari za malori?"

Nikamjibu kwamba nambari za malori hazina tarakimu ya siri.

"Basi itie," akasema.