Msiupime Ukuta wa Machimbo kwa Ugumu wa Jiwe

Kuna kauli inayosemwa karibu kila machimbo ya kokoto pembezoni mwa Dodoma, na inaniudhi kwa sababu hutolewa kama neno la mwisho: "Jiwe la huku gumu bwana, haliporomoki." Jiwe ni gumu kweli. Graniti ambayo haijaoza hubeba zaidi ya megapaskali 100 (kipimo cha mgandamizo), wakati zege la nyumba zetu nyingi halifiki hata 30. Ila ukuta wa mita 8 hauhitaji jiwe livunjike ndipo uanguke. Unateleza juu ya ufa uliokuwepo kabla ya mtu yeyote kushika nyundo.

Tazama vilima vyetu. Mwamba umejimenya tabaka kwa tabaka kama kitunguu, na tabaka zinafuata mteremko wa kilima. Wachimbaji wanazipenda kwa sababu mtalimbo unapenya kirahisi. Ukichimba kuanzia chini, unakata mguu wa tabaka, na kilichobaki juu kinashikiliwa na msuguano tu.

Huo msuguano unapimika. Laza ubao mdogo juu ya uso wa ufa, weka simu yenye programu ya pima maji, usome digrii. Rudia sehemu tano au sita, maana uso una mabonde. Kisha chukua vipande viwili bapa kutoka ufa huohuo, kimoja juu ya kingine, uinamishe cha chini taratibu mpaka cha juu kiteleze. Graniti kavu na safi mara nyingi huteleza kwenye digrii 30 hadi 35 hivi, au zaidi kidogo uso ukiwa na makwaruzo. Kama ufa umeinamia kwenu kwa digrii 40 na mguu wake umeshakatwa, ukuta huo umesimama kwa vishikizo vidogo vya mwamba ambavyo bado havijakatika. Mkikuta udongo mwekundu ndani ya ufa, hesabuni kuwa utateleza kwenye digrii 20 au pungufu.

Halafu kifuku, msimu wa mvua, kinaingia. Ufa wa wima ulioko juu, nyuma ya ukingo, ukijaa maji kwa kina cha mita 3, maji yanasukuma kwa takribani tani 4.5 kwa kila mita moja ya urefu wa ukuta. Kina kikifika mita 6 zinakuwa tani 18, mara nne. Maji hayohayo yakipenya chini ya tabaka yanaipunguzia uzito wa kujishikilia. Kwa hiyo kabla ya Desemba chimbeni mfereji juu ya ukingo na zibeni ufa kwa udongo wa mfinyanzi. Pigilieni nondo mbili, moja kila upande wa ufa, mpime umbali kati yake kwa futi kila asubuhi na kuandika kwenye daftari. Umbali ukiongezeka leo kuliko ulivyoongezeka jana, watu watoke, na vifaa vibaki hukohuko.

Nyufa mbili zikikutana zikafanya kabari, angalieni mstari wa makutano unaelekea wapi, maana kabari huteleza kuufuata. Mwamba uliosimama kama vitabu kwenye rafu huanguka kichwa mbele. Kuchoma matairi chini ya ukuta ili jiwe lipasuke kunafungua tabaka ambazo hakuna aliyezipima.

Sawa, kukata ukuta kwa ngazi kunataka ekskaveta, na anayeuza kokoto kwa ndoo hana. Lakini kuanza juu na kushuka hakuhitaji mashine, wala kugonga mwamba na kusikiliza sauti ya uwazi.

Linaloniumiza zaidi ni kina mama wanaoponda kokoto. Wanakaa mguuni mwa ukuta kwa sababu kivuli kiko hapo. Bamba la mita 2 kwa 1, unene nusu mita, lina tani 2.7. Wahamishwe umbali usiopungua kimo cha ukuta, na zaidi pale sakafu inapoteremka. Turubai moja na miti minne vinatosha kuwapa kivuli huko.