Tikiti ya chama, Nyamira na Brooklyn Park

Uchaguzi wa Kenya ukikaribia, simu yangu hujaa ujumbe wa michango. Yupo anayewania wadi, yupo anayetaka ubunge, na wote wanatuomba sisi Wakenya tulio Minnesota, Marekani, tusimame nao. Nasi tunatoa. Nawaona akina dada waliokesha kazini kwenye nyumba za kutunzia wazee wakituma dola 100 asubuhi kabla hata hawajalala. Kisha Februari ikifika, chama kikiitisha mkutano wa mtaa katika shule wanayosoma watoto wetu, Wakenya tunaohudhuria ni wa kuhesabu. Hilo linaniuma. Nasema kama mwanachama wa DFL, yaani Democratic wa huku Minnesota, ninayebisha hodi milangoni katika mji wetu wa Brooklyn Park kila msimu wa kampeni.

Wengi wetu tunamjua rais na gavana. Mjumbe wetu wa bunge la jimbo kule St. Paul, mji mkuu wa Minnesota, hatumjui hata kwa jina, ilhali mambo mengi yanayotugusa yanatoka kwake. Mwaka 2022 DFL ilichukua Seneti ya jimbo kwa viti 34 dhidi ya 33. Kiti kimoja tu! Kutokana na kiti hicho, mwaka 2023 watoto wote wa shule walipata kiamsha kinywa na chakula cha mchana bila malipo, leseni ya udereva ikafunguliwa kwa kila mkazi bila kuulizwa karatasi za uhamiaji, na ikaundwa bodi ya kuweka viwango vya mishahara na mazingira ya kazi katika nyumba za wazee. Hiyo ya mwisho ni kazi yetu hasa. Ukiingia nyumba yoyote ya wazee hapa Twin Cities usiku wa manane, huwezi kukosa anayezungumza Ekegusii, lugha ya Wakisii, au Kiswahili.

Mwaka 2024 mambo yakageuka. Baraza la Wawakilishi la jimbo, lenye viti 134, liligawanyika 67 kwa 67. Kule Shakopee, katika kiti cha 54A, Brad Tabke wa DFL alimshinda Mrepublican Aaron Paul kwa kura 14, na kura 20 za watu waliopiga mapema zilipotea. Shauri likaenda mahakamani, baadhi ya wenye kura hizo wakafika kueleza walivyopiga, na Januari 2025 jaji akaamua kwamba ushindi wa Tabke usimame. Wajumbe wa DFL nao wakakaa nje ya bunge kwa wiki kadhaa ili akidi isitimie. Hata mimi wa chama chao sikupendezwa na mgomo ule. Nilipobisha hodi niliahidi watu kuwa tukichaguliwa tutafanya kazi, na mjumbe aliyesusia kikao hakuwa ameitimiza ahadi hiyo.

Sare ile ilikuwa na gharama. Juni 2025, ili bajeti ipite na serikali ya jimbo isifungwe, watu wazima wasio na karatasi waliondolewa kwenye bima ya afya ya MinnesotaCare. Mswada ulipita kwa kura 68 kwa 65, na kutoka upande wa DFL aliyeuunga mkono ni mmoja tu, Melissa Hortman, Spika wa zamani na jirani yetu hapa Brooklyn Park. Alipiga kura ile huku akilia, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa ameafikiana na upande wa pili na akaona lazima aheshimu makubaliano. Siku tano baadaye, tarehe 14 Juni, yeye na mumewe Mark waliuawa kwa risasi nyumbani kwao, na seneta wa jimbo John Hoffman na mkewe wakapigwa risasi kwao Champlin, wakanusurika. Jamaa zangu nyumbani Nyamira, Kenya, walinipigia simu wakiuliza, hata huko? Ndiyo, hata huku. Anayedhani siasa za kuua watu zinaishia Afrika hajaishi Brooklyn Park majira yale.

Sasa tuje kwenye tikiti, yaani namna chama kinavyomteua mwaniaji wake, maana hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya huku na Kenya iliyo kubwa kuliko ya barabara na taa.

Jumamosi ya kongamano la chama, tunakusanyika kwenye ukumbi wa michezo wa shule. Mtu anashika maiki na kutangaza jina la kikundi chake, mwaniaji fulani pamoja na suala fulani, na karatasi yenye jina hilo inabandikwa ukutani. Kila mmoja anaondoka kitini na kwenda kusimama chini ya karatasi aipendayo. Halafu tunahesabiana kwa sauti, mmoja mmoja. Kikundi kisichofikia idadi ya kupata mjumbe wa kukiwakilisha kwenye kongamano linalofuata kinavunjwa, na hapo unaona kazi: watu wanakimbiliana, wanabembelezana, njoo kwetu. Nimemwona muuguzi Mkisii, bado amevaa nguo za kazi, akiwavuta wazee wawili wa Liberia kwa kuwaeleza habari za marupurupu ya walezi wa majumbani, na kikundi chake kikapata mjumbe. Kwenye kongamano la kiti chenyewe, anayetaka baraka za chama lazima afikishe asilimia 60 ya wajumbe. Asiyeridhika ana mchujo wa Agosti, ambapo wapiga kura wa kawaida wanaamua.

Mkenya wa umri wangu akiona watu wamepangwa nyuma ya mwaniaji anakumbuka mlolongo wa 1988. Kanu, chama tawala cha wakati huo, iliwapanga wazee wetu uwanjani, aliyepata asilimia 70 akapita bila kupingwa, na mahali pengi foleni fupi ndiyo iliyotangazwa mshindi mchana kweupe. Ndiyo maana mara ya kwanza moyo ulinidunda. Lakini hapa anayehesabu ni jirani yangu, nami namhesabu yeye, na hakuna chifu kando na kijitabu cha majina.

Kwetu Kenya wadi haina chama. Ina ofisi inayofunguliwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi na kufungwa wiki moja baada yake. Mwaka 2021 Msajili wa Vyama vya Kisiasa alipowawezesha watu kujiangalia kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, Wakenya wengi walijikuta wameandikishwa katika vyama wasivyowahi kuvigusa. Katika ngome za vyama, mwenye tikiti ndiye MCA, mjumbe wa wadi katika bunge la kaunti, hata kabla ya kura ya Agosti, na tikiti hutolewa Nairobi, wakati mwingine hotelini usiku, kwa jina la maafikiano. Jamaa yangu alilipa ada ya uteuzi, akazunguka wadi nzima, na siku ya mchujo karatasi za kura hazikufika. Mpaka leo hajaelezwa chochote.

Hata pesa zinaelekea kinyume. Kwetu mwaniaji anaombwa ya chai kila kona. Hapa mimi ndiye ninayempa mwaniaji, na ikiwa amekubali kikomo cha matumizi ya kampeni, jimbo linanirudishia hadi dola 75 kwa mwaka nikijaza fomu. Mlinzi wa usiku anaweza kuchangia bila kupunguza pesa za mboga.

Nyumbani tuna mazuri yetu pia. Siku ya kura ni mapumziko ya taifa, wakati hapa ni Jumanne ya kazi kama nyingine, ijapokuwa sheria ya Minnesota inampa mfanyakazi ruhusa ya kwenda kupiga kura bila kukatwa mshahara. Na mwaka 2022 tume ya uchaguzi, IEBC, iliweka mtandaoni fomu za 34A, zenye matokeo ya urais ya kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000, kila mwenye simu akajumlisha mwenyewe. Wamarekani niliowaonyesha walishangaa. Kenya inajua kuhesabu kura hadharani ikiamua. Kinachokosekana ni uwazi huo kushuka hadi kwenye mchujo wa wadi.

Novemba 2024 Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alishinda kiti cha 38A cha bunge la jimbo hapa hapa Brooklyn Park. Tulishangilia, Nyamira wakamwimbia. Furaha hiyo haitoshi. Novemba 2026 viti vyote 201 vya bunge la jimbo vitagombewa, na sioni sababu ya jamii kubwa kama yetu kuwa na wajumbe wachache hivi kwenye makongamano. Ukiwa raia, njoo. Ukiwa na mtoto mdogo, njoo naye.

Na mwaniaji wa nyumbani atakayenipigia simu kabla ya Agosti 2027 nitamuuliza mambo mawili kabla sijatuma hata dola: daftari la wanachama wa chama chake katika wadi liko kwa nani, na mkutano wao wa mwisho ulikuwa lini.